Chembe za Mama Mwingine

Kioo cha mashine kilisema mtoto ana saratani ya damu, na katika Kituo cha Mwale kioo kikishasema, binadamu hufunga mdomo. Nyamizi Kapalata aliajiriwa kukisoma. Kukibishia hakukuwamo katika kazi yake, na waliowahi kukibishia walikuwa wamekwisha kupangiwa kazi ya kufuta vumbi stoo.

Asubuhi ile alikibishia.

Alianza kwa kurudisha nyuma sauti za damu ya kitanda cha tatu, kisha akazipunguza mwendo. Wasomaji hawakupewa majina ya wagonjwa, walipewa namba ya kitanda na umri tu. Huyu alikuwa mtoto wa miezi minane. Kwenye karatasi ya wodi alikuwa amekwisha kuandikiwa dawa ya kusafisha uboho, ianze saa nane mchana. Nyamizi aliijua dawa ile. Mtu mzima mwenye kifua kipana hutoka nayo akiwa hoi. Watoto wachanga wengi hawatoki.

Kila mkazi wa Tabora alikuwa na chembe mwilini. Zilikuwa ndogo kuliko vijidudu, zikizunguka na damu usiku na mchana. Wiki za kwanza zilijifunza damu ya mwenyewe, sukari yake, homoni zake, seli zake nyeupe, mpaka zikajua kawaida ya mtu yule na si ya mwingine. Baada ya hapo kazi yao ilikuwa kupiga kelele kawaida hiyo ikivurugika. Uvimbe usioonekana hata kwa picha, chembe zilikuwa zimeushitaki zamani. Watu wazima walichomwa sindano, watoto wakadondoshewa tone mdomoni siku ya kuzaliwa, na kwa kweli vifo vilipungua. Nyamizi mwenyewe alikuwa hai kwa sababu ya chembe. Ndiyo maana alikerwa sana na alichokuwa akikisikia.

Kila kundi la chembe lilibeba mhuri wa mwenyewe, alama isiyo na jina. Mashine ilizisikiliza zote kwa pamoja, kama mtu anayesikiliza kelele za sokoni bila kujali nani anauza nini. Nyamizi akazitenga mhuri kwa mhuri. Chembe za mtoto zilikuwa shwari kabisa. Zilizokuwa zikipiga mayowe zilikuwa nyingine.

"Bado uko hapo?" Dakta Mbonea, mkuu wa kituo, aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa mtu wa suti nzito hata wakati wa joto, na kila alipomtazama msomaji alikuwa kama anayetafuta doa kwenye shati lake. "Kitanda cha tatu kilitakiwa kiwe kimesainiwa tangu jana."

"Sisaini. Chembe zinazolalamika si za mtoto."

"Ni za mama yake. Zinapita kwenye maziwa. Unataka nikufundishe ya darasa la kwanza? Mashine inajua, inaziondoa."

"Za mama zimeondolewa, nimehakikisha. Hizi ni za mtu wa tatu."

Mbonea akacheka puani. "Mtoto mmoja ana mama wangapi?"

Hilo ndilo swali ambalo mafundi waliotengeneza chembe hawakujiuliza hata siku moja. Walikaa kwenye maabara yao ya vioo, wakachora mtoto, wakachora mama, wakavuta mstari mmoja kati yao, basi. Hawakuwahi kukaa katika nyumba ambayo mtoto akilia, anayemchukua ni yule aliye karibu.

"Wawili, kwa ninavyoona," Nyamizi akajibu. "Damu ya mtoto mchanga ina seli nyeupe nyingi kuliko yetu. Ndiyo kawaida yake. Lakini chembe zilizofundishwa damu ya mwanamke mzima zikiingia humo zitadhani ni balaa. Zinamlinganisha mtoto na mtu mwingine, daktari. Huyu mtoto haumwi."

"Thibitisha. Nitajie huyo mama wa pili."

"Siwezi kumtaja. Mhuri unafunguliwa na mwenyewe."

"Vizuri, sheria unaikumbuka. Mhuri unafunguliwa kwa mkono wa mwenyewe, kwa hiari yake, mbele ya mkuu wa kituo. Usipofunguliwa, nina kesi ya saratani iliyothibitishwa, na kuchelewesha dawa yake ni kosa la jinai. Nifungwe kwa sababu yako?"

"Basi tumchome sindano ya uboho, tuangalie kwa macho."

"Nani aangalie?" Mbonea alikuwa na hasira ya kweli sasa. "Mzee wa mwisho aliyejua kusoma uboho amestaafu. Darubini zenyewe ziko mapokezi, tumezigeuza mapambo kando ya maua. Saa nane, Nyamizi. Ukisaini usisaini."

*

Mama wa mtoto aliitwa Kalunde. Alikaa pembeni mwa kitanda mgongo wima, na muuguzi aliyepita karibu alipunguza mwendo bila kujua kwa nini. Mtoto, Idrisa, alikuwa akicheza na mfuniko wa chupa na kujichekea. Kwenye kiti cha pili alikaa mama mkwe wake, Bi Nyanzala, macho chini. Mume alikuwa msituni kwenye mizinga ya nyuki, huko ambako simu haishiki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," Bi Nyanzala akaiambia sakafu.

"Mama Idrisa, nina swali moja tu."

"Maswali yenu hayaishi," Kalunde akasema. "Mmeuliza nilikula nini, babu yangu alikufa na nini, nalala ubavu gani. Bado mnataka kujua rangi ya sidiria?"

"Kuna mtu mwingine anayemnyonyesha Idrisa?"

Bi Nyanzala alianza kulikunja pindo la kanga yake. Kalunde hakupepesa jicho.

"Rudia."

"Kuna mwanamke mwingine anayem..."

"Mwanangu hanyonyi kwa mtu mwingine. Titi lake ni hili hapa. Nani amekutuma? Ni yule?"

"Yule nani?"

"Usijifanye mgeni. Tausi. Mke mwenzangu. Yuko nje huko anazungukazunguka na chupa yake ya uji, eti anatuletea chakula. Nimemwambia askari wa getini akivuka mlango huu nitamng'oa macho. Mwanawe alimfia mikononi, sasa anamkodolea wangu. Maziwa ya yule yana mauti ndani yake. Nilikataza asimshike, asimguse, na hajamgusa. Au amemgusa, mama?"

Bi Nyanzala aliendelea na pindo lake. "Hajamgusa," akasema.

Nyamizi alimtazama yule bibi mpaka bibi akalazimika kuinua macho. Yalikuwa macho ya mtu anayeomba asiulizwe tena mbele ya watu. Nyamizi alitamani kumtikisa mabega. Saa nane ilikuwa inakuja, na mwanamke mzima alikuwa akilinda amani ya nyumba yake kwa roho ya mjukuu.

"Bibi, hiyo dawa itamuua," akasema kwa sauti ya chini.

"Toka!" Kalunde alisimama. "Toka kabla sijakuvua hilo koti jeupe! Kioo chenu kimesema anaumwa, wewe unasema haumwi, nimsikilize nani? Wewe? Ukikosea wewe nizike mimi?"

Nyamizi akatoka.

*

Tausi alikuwa nyuma ya jengo, kwenye kamba za kuanikia mashuka. Alikuwa mdogo kuliko Nyamizi alivyotarajia, mwembamba, na chupa ya uji ilikuwa bado imejaa miguuni pake. Mbele ya gauni lake, upande wa kushoto, palikuwa na doa la unyevu ambalo alilifunika kwa mtandio mara alipomwona mtu.

Nyamizi alikuwa na kisomeo mfukoni. Ni kitu kidogo, kinaenea kiganjani, na kikigusa ngozi ya mtu husoma mhuri wake papo hapo. Kumsoma mtu bila ridhaa yake ni wizi. Kuna msomaji mmoja wa Nzega alimsoma mchumba wake kwa siri, akamkuta na ugonjwa, akaivunja posa bila kusema sababu. Alipogundulika alifungwa, na Nyamizi alikuwa mmoja wa waliosema amestahili. Mwili wa mtu si sufuria ya jirani ya kufunuafunua. Aliapa hivyo siku ya kuingia kazini, na aliapa kwa moyo wote.

"Dada, habari za saa hizi. Wewe ndiye Tausi?"

"Nani anauliza?"

"Nafanya kazi humu. Nataka kujua kama umewahi kumnyonyesha Idrisa."

"Sijamnyonyesha." Jibu lilitoka haraka, kama lililowekwa tayari. "Kalunde ndiye aliyekwambia uniulize? Mnataka kunifunga? Mwambieni sina habari na mtoto wake. Nimeleta uji wa mama mkwe, basi."

"Sikufungi. Nataka kumtoa Idrisa."

"Mlisema hivyo hivyo kwa wangu." Tausi aliinama akaokota chupa yake. "Mkasema mnamtoa. Mlimtoa kweli, kwenye shuka."

Nyamizi alitaka kuuliza, lakini muda haukuruhusu, na labda pia hakutaka kujua. Akapiga moyo konde. Alinyoosha mkono kama anayetaka kuaga, na Tausi, kwa kuwa alilelewa akaleleka, akaupokea ingawa hakupenda. Kisomeo kilikuwa kiganjani.

Kikatetemeka. Tausi akahisi. Akautoa mkono wake kwa nguvu, akautazama kama umechomwa, kisha akamzaba Nyamizi kofi lililomgeuza uso kuelekea ukutani.

"Umenichukua nini?"

"Mhuri wako," Nyamizi akasema. Shavu lilikuwa likiwaka na hakulishika. "Nimekuibia. Unaweza kunishitaki, na utashinda. Lakini mhuri wako umo katika damu ya Idrisa, na haukufika huko kwa upepo."

Tausi alitazama kushoto na kulia. Akakaa kwenye ukingo wa karo la kufulia.

"Sasa mtasema nimemuua na yeye."

"Nasema haumwi. Nisikilize. Chembe zako zinakujua wewe. Zikipita kwenye maziwa zikaingia kwa mtoto, zinakuta damu isiyofanana na yako, zinapiga kelele. Mashine inajua kuziziba za mama aliyezaa tu, za mwingine haizijui. Kwa hiyo inadhani mtoto ana saratani. Saa nane wanamwekea dawa ya ugonjwa asiokuwa nao."

"Si unao sasa huo mhuri ulioiba? Nenda kawaonyeshe."

"Wa kuiba haupokelewi. Inabidi uje mwenyewe uweke mkono."

"Mbele ya Kalunde?"

"Mbele yake."

Tausi akacheka, cheko baya. "Wewe unajua unaniomba nini? Alikataza mbele ya mume wetu, mbele ya wazee wa pande zote mbili. Nikiweka huo mkono, leo jioni nalala wapi? Nguo zangu zitakuwa barabarani kabla sijafika. Na nimefiwa, wala arobaini ya mwanangu haijanipoa kichwani, mtu akimpata wa kumlaumu ni mimi."

"Najua."

"Hujui. Ungekuwa unajua usingenishika mkono kwa hila."

Lilikuwa kweli, na Nyamizi alilijua. Alikuwa amefanya hesabu ya haraka na kuamua roho ya mtoto ni kubwa kuliko nyumba ya mwanamke huyu, na aliifanya hesabu hiyo bila kumwita mwenye nyumba. Angeifanya tena. Hilo ndilo lililomtia aibu.

Tausi alijipangusa uso kwa mtandio. Akasimama, akaiacha chupa pale pale.

"Twende. Na usinishike tena."

*

Walipoingia wodini dripu ilikuwa imekwisha kutundikwa, mfuko wa maji ya rangi ya chai ya rangi, na muuguzi alikuwa akitafuta mshipa kwenye mkono wa Idrisa. Kalunde alimwona Tausi, akaruka. Askari wawili walimdaka katikati ya njia.

"Mtoeni! Mtoeni huyo mchawi!"

"Nimekuja kufungua mhuri wangu," Tausi alimwambia Mbonea, kwa sauti ambayo wagonjwa wote waliisikia. "Kwa hiari yangu."

Mbonea alimtupia Nyamizi jicho. Aliona alama ya vidole shavuni mwake, na alikuwa na akili ya kutosha kuelewa ilikotoka. Hata hivyo mkono ulikuwa umekwisha kuwekwa. Kioo cha ukutani kikawaka, kikalinganisha, na kikaandika jina la Tausi bint Sengo kando ya zile chembe zenye kelele. Nyamizi aliziondoa moja kwa moja mbele yao. Mstari mwekundu wa Idrisa ulishuka, ukalala chini, ukatulia.

"Ushushe huo mfuko," Mbonea alimwambia muuguzi, kama mtu anayetapika.

Idrisa alikuwa amepona ugonjwa ambao hakuwahi kuwa nao, na hakuna aliyefurahi.

"Ulimnyonyesha," Kalunde akasema. Hakuwa anapiga kelele tena, na hiyo ilitisha zaidi. "Nilikukataza, ukamnyonyesha."

"Mimi ndiye niliyempa." Bi Nyanzala alikuwa amesimama hatimaye, akishika kitanda. "Nipige mimi. Wewe uko kiwandani unafunga asali, mtoto analia mpaka anakauka sauti. Na huyu yuko chumbani, maziwa yanamwagika kwenye nguo, naye analia. Wote wawili wanalia. Mlitaka nikae katikati nifanye nini? Nikampa."

"Nilikataza!"

"Ulikataza baada ya msiba. Kabla ya hapo nani aliuliza? Zamu ya huyu ukimnyonyeshea, zamu yako anakunyonyeshea. Watoto walizaliwa wakipishana wiki, mkawa mnawapakata kama pacha. Leo ndiyo imekuwa haramu?"

Nyamizi alimtazama Mbonea, na Mbonea alikuwa akimtazama yeye, uso umekauka. Kwa mawazo, daktari alikuwa amefika pale pale alipofika yeye, kwa wakati ule ule.

"Tumemaliza," Mbonea akasema. "Mtoto apumzike. Wote watoke nje, haya, haya."

Tausi hakuondoka. Alikuwa amekunja uso kidogo, kama mtu anayejaribu kukumbuka alipoweka ufunguo.

"Dada," akamwambia Nyamizi. "Umesema mashine inaziziba za mama aliyezaa tu."

"Ndiyo."

"Zena wangu alikuwa akinyonya kwa Kalunde."

Kalunde aliupeleka mkono kifuani, akauacha hapo.

"Kesi ile ilishafungwa," Mbonea akadakia. "Kila mgonjwa ana hali yake, bibie. Huwezi kuchukua ya huyu ukaipachika kwa yule. Kuna taratibu, utaandika maombi, tutaunda jopo..."

"Alikuwa kitanda cha tisa," Tausi aliendelea, akimwambia Nyamizi peke yake. "Cha dirishani. Walisema saratani ya damu. Walimwekea maji haya haya, yenye rangi hii hii. Alikuwa anacheka asubuhi. Jioni hakulijua hata jina lake."

Kitanda cha tisa. Nyamizi alikikumbuka, kwa kuwa mstari wake ulikuwa mwekundu sana na alikuwa na haraka siku ile. Mtoto wa miezi sita. Hakutenga mihuri. Kulikuwa na sababu gani ya kuitenga? Mashine ilikuwa imesema.

Mbonea alitikisa kichwa, taratibu, mara moja. Nyamizi alielewa kila kilichokuwamo katika kichwa kile. Kituo kingefungwa. Watu wangeitapika sindano, na mwaka ujao wangekufa kwa vimbe ambazo chembe zingeziona mapema. Kalunde angejua kuwa kilichomtia mtoto wa mwenzake kaburini kilitoka kifuani mwake, yeye aliyetangaza mji mzima kuwa maziwa ya Tausi yana mauti. Na huyu mama aliyesimama hapa angepewa msiba wa pili juu ya ule ambao hajaumaliza. Uongo mdogo tu ulihitajika: Wako alikuwa anaumwa kweli, dada, pole. Ungewafaa wote. Ungemfaa Nyamizi kuliko wote.

Lakini alikuwa amekwisha kumwibia mwanamke huyu mara moja siku ile.

"Nani alisoma damu ya mwanangu?" Tausi akauliza.

"Majina ya wasomaji ni siri," Mbonea akasema.

"Mimi," akasema Nyamizi.

"Alikuwa anaumwa?"

"Hapana. Hakuwa anaumwa. Nilikosea."

Bi Nyanzala alitoa sauti ndogo, akakaa sakafuni. Askari walimwachia Kalunde, kwa kuwa hakuwa tena na nguvu za kuzuiliwa. Idrisa alichoka na mfuniko wake, akautupa, akaanza kulia kwa njaa. Alilia akimnyooshea mikono mama yake, kisha akamnyooshea Tausi, na doa la gauni la Tausi likapanuka mbele ya macho ya watu wote. Kalunde alimwinua mtoto, akamshika mbali na kifua, akiogopa kumleta karibu.

"Mnyonyeshe," Tausi akamwambia bila kumtazama. "Wako yupo."

Kisha akauvua mtandio mabegani, akaufunga kibwebwe kiunoni, akalikaza fundo, akamwendea Nyamizi. Nyamizi hakurudi nyuma.